Etyang Aliyerudisha Umeme kwenye Magurudumu Madogo

Kasisi wetu, wazee, akina mama na majirani mliofika, mimi ni Protus Ongodia, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu.

Etyang Ongodia alizaliwa Kocholia tarehe 6 Machi 1919, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka wa 1940 akaandikwa kazi ya reli, akawekwa stesheni ya Malaba kutunza nyaya za simu. Tarehe 12 Aprili 1947 alifunga ndoa na Roselida, wakajaliwa binti mmoja, Adeke.

Agosti 1962 mabehewa yalimponda mkono wa kulia, vidole vikakatwa, kazi ikaisha hapo, akakaa nyumbani bila kutaka kuonana na mtu. Mwaka uliofuata, hospitali ya misheni iliachiwa garimoshi kuukuu la kuchezea, la betri, kwa ajili ya wadi ya watoto waliopooza miguu, nalo lilikuwa likishtuka kidogo na kusimama, kwa sababu vibati vya shaba vinavyogusa magurudumu ili kuchukua umeme kutoka relini na kuupeleka kwenye mota vilikuwa vimelika. Sista wa wadi alipomwomba alitazame, Etyang alilibeba nyumbani, akajifunza kukata shaba kwa mkono wa kushoto, kibati kikiwa kinene kinabana gurudumu, kikiwa chembamba hakigusi, anatupa, anaanza upya.

Roselida akamwambia, "Baba Adeke, si uache tu, hiyo ni kitu ya kuchezea."

Akajibu, "Mama, wale watoto hawawezi kutembea. Lazima kitu kitembee huko ndani."

Krismasi ya 1963 lilizunguka wadi nzima, watoto wakashangilia hadi sista akashindwa kuwanyamazisha, na tangu hapo watu wa Tororo na Kisumu wakawa wanamletea injini zao kuukuu za kuchezea, naye akamfundisha Adeke kazi hiyo.

Januari 1969 ini lilianza kumsumbua, akalazwa, akarudi nyumbani amedhoofika. Jioni ya tarehe 8 Mei, injini mbili zikiwa bado zinangoja, alimwachia Adeke koleo, akawa anamwelekeza kwa maneno, binti akakata kibati, akakipinda, injini ikatembea kwenye reli iliyolazwa kando ya kitanda, Etyang akasema, "Haya, lete ya pili," kisha akalala, na alfajiri akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea kuni na maji, na wenzake wa reli waliochimba kaburi hili. Mwenye ile injini ya pili, ikiwa uko hapa, Adeke anasema usije kuichukua bado, ataimaliza.

Etyang, ndugu yangu, pumzika kwa amani, kazi tumeishika.