Zakia binti Sadiq na Ukurasa Ulioachwa Wazi

Assalaam alaykum, wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, majirani na wanafunzi wa marehemu. Familia ya Mzee Sadiq Mbaraka imenituma mimi Idris, mtoto wa kaka wa marehemu Zakia, niwasomee maisha yake kabla ya hitima, na imenituma niyasome yote, kwa kuwa mwenyewe aliusia hivyo.

Marehemu Zakia binti Sadiq alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kisiwa cha Chovai, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Sadiq Mbaraka, fundi wa majahazi, na Bi Arafa Nassor, msusi wa mikeka. Alianza chuo cha Kurani hapo hapo kisiwani akiwa na miaka mitano, mwaka 1978 akaletwa Kismayo kwa shangazi yake ili asome shule ya msingi, akamaliza mwaka 1986, akaingia sekondari, na mtihani wake wa mwisho, ambao ulikuwa ufanyike mapema mwaka 1991, haukufanyika, kwa sababu vita vilitangulia.

Mwaka huo alihama na wazazi wake hadi kambi ya wakimbizi nje ya Mombasa, na ni katika kambi hiyo, tarehe 12 Agosti 1995, alipoolewa na Bwana Fuadi Abdulrazaq, mshonaji, ambaye leo ameketi mbele yetu, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Safiyya, aliyezaliwa mwaka 1997, na Nassor, aliyezaliwa mwaka 2002.

Kuanzia mwaka 2003 hadi 2015 alifanya kazi katika duka la mtandao mjini Mombasa, akiwaandikia watu barua pepe, akiwajazia fomu, akiwasomea majibu ya ndugu zao walioko Ulaya, mpaka akasema amechoka kuwa jicho la watu wenye macho. Aliporudi Kismayo, mwezi wa Oktoba 2016, alikuja na kompyuta moja iliyopasuka pembeni na nia ya kufundisha, na tarehe 4 Machi 2018 akafungua darasa la watu wazima hapa Majengo, katika chumba kilichokuwa ghala la nyavu, akiwa na wanafunzi kumi na mmoja, wengi wao kina mama wauza samaki, ambao simu walikuwa nazo lakini walizitumia kwa kupiga na kupokea tu.

Alikuwa na sharti moja la kufundisha, kwamba mkono wa mwalimu hauigusi simu ya mwanafunzi, hata mwanafunzi akwame, hata alie, naye alipopita baina yao aliifumbata mikono yake mgongoni chini ya leso, hata Bi Rawda, mmoja wa wanafunzi hao, akawa akiwaambia wenzake kwamba mwalimu wao amefungwa kama mwizi wa kuku. Aliwatengenezea tovuti ya darasa, kila mmoja akawa na ukurasa wake wa kuandika na kuweka sauti, na mlango wa tovuti akaufunga kwa neno la siri. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana wengine waliyasahau maneno yao kila wiki, na Bi Rawda akalitangaza lake kwa sauti darasa zima likasikia, na alipokanywa akauliza kuna siri gani baina ya watu wanaojuana mpaka uji wa mwenzao ulivyo na chumvi.

Mnajua ada yetu, kwamba mgeni wa visiwani hakaribishwi kukaa kabla ya kuulizwa yeye ni wa nani, naye hujitaja, baba na babu, nyumba na kisima, msikiti na jirani, wala hafichi, kwa sababu anayeficha kwao huonekana hana kwao. Somo la marehemu lililopendwa kuliko yote lilitoka katika ada hiyo, akaliita Kwetu, kila mwanafunzi ajieleze mtandaoni kama anavyojieleza barazani, na Bi Saada, mama yake Tariq, aliandika ukurasa mrefu kuliko wote, akaitaja Chovai kisima kwa kisima na mlango kwa mlango, kwa mpangilio ule ule aliomfundisha mwanawe tangu utotoni. Ndugu wa ng'ambo wakalalamika kwamba hawawezi kuingia kusikia sauti za mama zao, wanafunzi nao wakalalamika kwamba wanafungiwa nje ya maneno yao wenyewe, basi mwezi wa Januari 2020 marehemu akaondoa kufuli, akauacha ukurasa wa Kwetu wazi kwa ulimwengu wote. Alidhani anafungua baraza. Barazani humwona anayeingia, na mtandaoni hakumwona.

Tariq aliondoka Chovai mwaka 2012 akiwa na miaka kumi na mitatu, na baada ya kuzunguka sana alifika Ulaya akaomba hifadhi, naye mwaka 2021 alihojiwa kuhusu kwao, akajibu kama mama yake alivyomlea. Mwezi wa Machi 2022 jibu liliingia katika simu ya Bi Saada, akalileta darasani afunguliwe na asomewe, na marehemu akalisoma akilitafsiri mstari kwa mstari, mpaka alipofika mahali palipoandikwa kwamba maneno ya kijana huyu yako yote katika ukurasa ulio wazi mtandaoni, kwamba watu wengine wasio wa visiwani walikwisha kuja na maneno hayo hayo, na kwa hiyo hasadikiwi. Alisoma mpaka mwisho. Bi Saada aliichukua simu yake, akasema, "Mwalimu, mwanangu ameambiwa si mchu wa Chovai, si mtu wa kwao, na maneno yaliyomponza nimeyaandika kwa mkono wangu, na mkono huu umeufundisha wewe." Hakurudi tena darasani.

Marehemu aliufunga ukurasa siku hiyo hiyo, kisha akajua kutoka kwa wakili wa Tariq kwamba umekwisha kunakiliwa mahali pengi, na kwamba kilichoingia mtandaoni hakiitwi kikarudi. Tangu hapo hakuwa yule tuliyemjua, chakula alikigusa tu, akipita njia ya nyuma ili asionane na Bi Saada sokoni, huku akiandika barua kwa wakili wiki baada ya wiki, kwa miaka miwili na zaidi, mpaka kesi ikakubaliwa kusikilizwa upya. Wakili alisema karatasi hazitoshi tena, wanatakiwa watu waliomjua Tariq kisiwani, waonekane nyuso zao kwa video na waulizwe papo hapo. Marehemu akaanza kuwazoesha wanafunzi wake waliotoka Chovai kuhojiwa kwa video, lakini wanne tu walikubali, na waliokataa hakuwalaumu, kwa kuwa walikwisha kuyaweka maneno yao mtandaoni wakayaona yamefanya nini.

Mwezi wa Novemba 2024 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa hapa Kismayo, akapelekwa Mogadishu mwezi wa Februari, akarudishwa mwezi wa Aprili, na Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, saa nne asubuhi, akafariki dunia nyumbani kwake, akazikwa siku hiyo baada ya sala ya Alasiri. Alipokuwa kitandani alituusia tusiifiche habari ya ukurasa huu, akasema, "Msinisifu nikapita na kosa hili."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kismayo na Mogadishu, majirani wa Majengo waliotuletea maji na chakula bila kuitwa, walimu wenzake, na wanafunzi waliomuuguza kwa zamu.

Bi Saada, tumeambiwa uko nyuma ya pazia. Tunakuomba radhi kwa ajili yake, wala hatukutaki uitoe hapa, maana radhi inayotolewa mbele ya macho ya watu imeshurutishwa. Ukiitoa, itoe utakapoweza, na usipoweza, tutaendelea kuiomba.

Nanyi nyote mliosimama kaburini Alhamisi, imamu aliuliza mnamshuhudiaje, mkajibu mara tatu kwamba alikuwa mtu mwema. Kesi ya Tariq itasikilizwa Jumanne tarehe 27 Mei, saa nane mchana, katika chumba cha darasa, na Safiyya ndiye atakayeifungua video. Mashahidi bado ni wanne. Aliyemjua kijana huyu Chovai, aliyemwona akibebwa mgongoni, aliyesoma naye chuoni, aje aulizwe naye aseme.

Pumzika, mwalimu, katika amani ya Mola wako.