Mama Pétronille, Mpima Mitumbwi wa Miaka Thelathini na Miwili

Kwa miaka kumi na tisa nimeficha jina la mtu aliyeweka sahihi ya uongo katika daftari la ofisi yetu ya kukagua mitumbwi ya ziwani. Sahihi hiyo ilimletea Mama Pétronille Uwimbabazi barua ya blame, yaani karipio rasmi, na kumnyima cheo cha shefu wa ofisi. Sasa anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Mimi niliyekuwa shefu wake nina miaka themanini na minne, na daktari ameacha kunidanganya. Nimeombwa niandike wasifu wake, basi nitauandika wote.

Alizaliwa Bihambwe, kwa wafugaji waliokwenda majini kunywesha ng'ombe tu. Hakujua kuogelea alipoajiriwa, na hajui mpaka leo. Labda ndiyo sababu hakumwonea haya mtu yeyote.

Sheria ya nchi aliikariri: mtumbwi wa matembezi uwe na namba, mwendeshaji awe na permi, yaani leseni, na kila abiria awe na jile, ile fulana ya kuelea. Papa Kabera, mwenye mtumbwi mmoja, aliwahi kuleta vibidoni, vidumu vya njano vilivyofungwa kamba, akaapa kwamba ni jile. Mama alimvalisha, akamwomba aruke ziwani. Papa Kabera akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wake anazaa.

Kipimo chake kilijulikana kutoka Masisi mpaka mto Lowa, kule Walikale. Badala ya kila abiria alipakia mabidoni matatu ya maziwa, yamejazwa maji, kisha akachora mstari mwekundu ubavuni mwa mtumbwi, pale maji yalipofikia. Wanene walihesabiwa zaidi, tena hadharani: "Papa, weye njo bidoni ine, usikatale!"

Halafu ukaja ule mtumbwi wa matembezi ya Jumapili ulioandikwa daftarini kuwa ni wa kubeba maziwa, ili uepuke jile, permi na mabidoni ya Mama. Wiki iliyofuata ulipakia wanakwaya kumi na mmoja waliotaka picha ya harusi, ukapinduka hatua chache kutoka ukingoni. Hakuna aliyekufa, maji yalifika kifuani tu, ingawa wanaume wa besi walipiga kelele kwa sauti ya kwanza.

Wakaguzi walipofungua daftari, walikuta sahihi ya Mama Pétronille.

"Siku ile nilikuwa Walikale," aliwaambia. "Ao niko bantu babili?"

Waliniuliza mimi. Nikajibu kwamba daftari ni daftari. Cheo kikaenda kwa mwingine, na mpaka leo watu wa ziwani humtania kwa jina la Mama Kwaya. Yeye alirudi kazini kesho yake na rangi yake nyekundu, akapima mitumbwi kama kawaida.

Nakala ya ukurasa huu nimewatumia wakubwa, ili blame ile itolewe kwenye dosiye yake, faili lake la kazi, kabla hajaondoka.

Mama Pétronille, ofisi nzima inakushukuru. Watu wengi wanarudi nyumbani wakiwa hai bila kujua kwamba ni kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na miguu mikavu siku zako zote.

Mtumbwi ule ulikuwa wangu. Na sahihi yako niliiandika mimi, mezani pangu, wewe ukiwa Walikale.