Mzee Bisibisi na Kompyuta ya Sebuleni

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, fundi mkuu wa karakana ya kompyuta, ambaye jengo zima tunamwita Mzee Bisibisi, anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini. Mwandishi wa mistari hii amekaa naye benchi moja kwa miaka tisa, na kamati ya sherehe imempa ukurasa aeleze maisha ya mstaafu kwa ufasaha. Ufasaha utajaribiwa. Wasomaji wawe radhi tu, maana kuna mambo ya mwezi huu ambayo mwandishi mwenyewe ameyaelewa siku chache zilizopita, na mengine hajayaelewa hadi leo.

Aliajiriwa kutengeneza mashine za taipu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa hapa, ilikaa wiki mbili ndani ya boksi kwa sababu kila mmoja alimtupia mwenzake kazi ya kuigusa. Mzee Bisibisi aliitoa wakati wa chai, akaifumua yote, akaifunga upya kabla wenzake hawajarudi. Ilibaki skrubu moja. Anayo mpaka leo kwenye kikopo cha dawa ya viatu, na mashine ile ilifanya kazi miaka kumi na miwili bila kuidai.

Hatupi kitu. Kila kifaa kinachotolewa kwenye mashine iliyokufa hufungwa kikaratasi, na hapo ndipo mgeni anapochanganyikiwa, kwa sababu kikaratasi hakisemi kifaa ni cha aina gani wala kina uwezo gani. Kinasema kilitoka kwenye meza ya nani. "Bwana ugavi wa zamani." "Karani wa mapokezi, yule mwenye haraka." Mwandishi alipouliza maana yake, katika wiki yake ya kwanza kazini, alijibiwa hivi: "Chombo hufuata mkono wa mtu. Chukua diski ya bwana ugavi, hiyo ni mpya. Miaka sita hakufungua faili hata moja." Diski ikapimwa, ikakutwa mpya kabisa.

Sasa tufike kwenye mkasa wenyewe. Mke wa mstaafu, ambaye sote tunamwita Mama, alivunjika nyonga mwaka juzi, na ngazi za nyumba yao zimemshinda. Alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema, sasa hatoki. Mumewe alimwahidi kompyuta ya sebuleni, ya kuunganisha na televisheni, ioneshe filamu zote, isipige kelele, na isigharimu kitu, kwa kuwa ingetokana na mabaki. Kila mwezi ikawa ni mwezi ujao. Kinyozi hajinyoi.

Kamati ikaamua kwamba zawadi ya kumuaga iwe kompyuta hiyo hiyo, itengenezwe kwa siri, na itokane na rafu yake mwenyewe. Vifaa vyote vilikuwa vimeshafutwa kwenye orodha ya mali, na mkuu wa idara alitoa barua ya ruhusa. Kazi ikaniangukia mimi. Naona nimeshaacha kujiita mwandishi. Mnisamehe, yanayofuata siwezi kuyasema nikiwa nimejificha.

Niifiche wapi? Nilichagua kasha moja katika safu ya chini, safu ya mizoga, nikalibandika neno "mbovu". Nani atahangaika na kasha bovu? Nikaweka bodi, prosesa na ile diski ya bwana ugavi, kisha nikaanza kutafuta memori. Nikafungua kasha jingine bovu mwisho wa safu, na lo, ndani mna memori mbili safi na feni kubwa isiyotoa sauti! Nikamshukuru Mungu, nikavichukua.

Asubuhi iliyofuata memori hazikuwepo, na diski ya bwana ugavi imekwenda nazo. Nikajaribu lile kasha la mwisho wa safu. Vyote vimo! Nikaamua kwamba kuna mwizi, na ile ndiyo stoo yake. Nikavirudisha kwangu. Kesho yake vimeondoka tena, safari hii pamoja na feni. Wiki tatu nzima nilijenga kompyuta iliyokuwa ikipungua. Kuna siku nilijiandikia kiganjani vifaa nilivyofunga, nikidhani labda akili ndiyo inayostaafu mapema. Mzee Bisibisi naye siku hizo alikuwa akisimama mbele ya rafu kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Siku tano zilizopita nilichukua fomu ya kuripoti wizi. Dada wa usafi, anayefagia karakana saa kumi na mbili asubuhi, akanikuta naijaza.

"Unamripoti nani?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akakaa juu ya printa.

"Huyo mwizi wako naye jana kaniuliza fomu hizo zinapatikana wapi. Mnaibiana wenyewe kwa wenyewe! Yeye anamtengenezea mkewe, na wewe unamtengenezea mkewe."

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza wiki zote tatu.

"Si wewe uliniambia nisiseme, nilipokukuta na lile kasha? Naye akaniambia nisiseme. Nikanyamaza mara mbili."

Nikaichana fomu. Siku hiyo mstaafu alikuwa akizunguka ofisi hadi ofisi na karatasi zake za makabidhiano. Mimi na dada wa usafi, yeye akinishikia tochi, tukayaunganisha makasha mawili kuwa kompyuta moja. Ikawaka mara ya kwanza, na hata sasa siwezi kueleza ni kwa nini.

Kisha nikafanya kosa. Sikumwambia. Alirudi, akafungua kasha lake, akalikuta tupu. Akalifunga polepole, akaenda kunawa mikono. Siku nne hajanitania hata mara moja. Juzi Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, amerudi amekaa tu, ananiomba radhi. Anasema nilimwomba kitu kimoja, na hicho kimoja kimemshinda. Mimi kompyuta siililii. Miaka yote hii akifika nyumbani anafumua redio, anafumua pasi, anafumua feni. Nataka akae karibu yangu, filamu ianze mpaka iishe."

Nilitaka kumwambia Mzee papo hapo. Kamati ikasema tusubiri, furaha itakuwa kubwa zaidi sherehani. Sijui kama kamati ilikuwa sahihi. Najua tu kwamba nimeona aibu kila alipopita mbele ya benchi langu.

Basi Mzee, kwa kuwa unasoma haya sasa hivi ukiwa kiti cha mbele: mwizi ni mimi. Na wewe pia. Kompyuta iko sebuleni kwako tangu saa tatu asubuhi. Mkweo ameiunganisha, Mama ameijaribu, na inawashwa kwa kitufe kimoja. Hujashindwa. Nusu ya vilivyomo uliviweka kwa mkono wako, halafu ukaviweka tena, na tena.

Tunakushukuru kwa kila mashine uliyoirudisha duniani, na kwa kutufundisha bila kutudharau. Kuanzia kesho rafu ile ni yangu, na sijui nitamuuliza nani. Nitapiga simu. Ukiona inaita katikati ya filamu, usipokee.

La mwisho ni la kiufundi. Ikiwaka, utasikia mlio mdogo upande wa kushoto. Nimeutafuta siku nne, nimeshindwa kujua unatoka wapi. Mama anasema haumsumbui. Tunakuombea afya, umri mrefu na mapumziko ya kweli, na kwa hisani yako, hiyo bisibisi iliyo mfukoni iache hapa ofisini. Usiifungue, Mzee. Kaa.