Soya Isiyokaangwa

Chubwi. Mlio mmoja tu, jana usiku, kutoka bwawa la tatu, na mimi niliyekuwa macho kwa maumivu nikajua kwa uzito wake kwamba ni sato mkubwa aliyeruka akarudi majini, samaki mwenye nyama mgongoni, ambaye tangu atoke kwenye bwawa la vifaranga hajaonja dagaa hata punje. Nikatega sikio kama ataruka mwingine. Hakuruka. Ndipo nikamwambia mama yenu, kukipambazuka waite watoto, nina neno ambalo sitaki kulala nalo tena.

Mmekuja, nashukuru. Lusungu, sogeza kiti karibu, sauti yangu haifiki mbali siku hizi. Erasmus, najua umeomba ruhusa kazini, na najua foleni ya Mwenge, lakini leo usiangalie saa. Na wewe Mwishehe, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Miaka kumi na mmoja umesaga chakula cha samaki katika uwanja huu. Kaa hapa kitandani, miguuni kwangu. Nipeni masikio yenu, wanangu, na msinikatize, kwa sababu pumzi niliyo nayo nimeipima usiku kucha, inatosha maneno haya na haitoshi mabishano.

Nianze na yale mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu, vyumba vyote, na asije mtu kumwomba ahamie chumba cha uani eti kwa sababu ana wageni. Shamba la migomba kule Tukuyu ni lenu ninyi wanangu wawili wa kiume, mpaka wenu ni ule mfereji, na mfereji ukihama kwa mvua, ninyi msihame nao. Guta la kubebea magunia ni la Mwishehe. Amelibeba zaidi ya lilivyombeba yeye. Jirani Audax, ambaye sijamsalimia tangu alipoziba mfereji wangu wa kutolea maji, akija kunizika mfungulieni geti mapema na mpeni kiti cha mbele, maana mchicha wake ulikufa kweli, na ulikufa kwa maji yangu.

Sasa mabwawa. Mabwawa sita, na mashine ya kusagia, na lile daftari la jalada la kijani lililo chini ya mto wangu. Nasikia mnavyonong'ona sebuleni, msidhani mgonjwa ni kiziwi. Lusungu unataka uwanja uuzwe, kwa kuwa Bunju ya leo si ile niliyoinunua mimi, wakati ukisema unaishi Bunju mtu anakuuliza kama kuna fisi. Erasmus unataka mabwawa yabaki ila turudi kwenye dagaa, kwa kuwa dagaa hawataki kukaangwa wala kupimwa, unasaga unamwaga, basi. Nimewasikia wote wawili. Hakuna hata mmoja wenu mwenye haki ya kuamua, na mimi pia sina, na hilo ndilo neno nililowaitia.

Mnakumbuka tulivyoanza. Nilistaafu ukarani nikachimba bwawa la kwanza kwa jembe, na chakula kilikuwa pumba na dagaa wa Mwanza, magunia kwa magunia, mpaka harufu ya nguo zetu kanisani ikatutambulisha kabla hatujaketi. Dagaa wakiadimika, samaki wanadumaa. Dagaa wakija na mchanga nusu gunia, samaki wanadumaa. Tulikuwa tumefungwa kwenye ziwa ambalo hata hatulioni. Akaja nyumbani likizo mmoja wenu, mtoto wangu wa kwanza, dada yenu, aliyekuwa anasoma ufugaji wa samaki kule Morogoro. Akasimama ukingoni mwa bwawa akiwa ameshika dagaa kiganjani, akaniambia kwa upole wake ule, "Baba, hawa ndio mboga ya watu wa Tandika na Mbagala. Tunawasaga ili tuwalishe sato watakaoliwa Msasani kwenye vitambaa vyeupe. Na sato mwenyewe hakuomba dagaa. Anachotaka ni protini, hajali imetoka wapi."

Nikamcheka. Nikamwuliza, "Kwa hiyo samaki wangu wafunge kula nyama kama Kwaresima?" Hakukasirika. Akakaa mezani wiki mbili akipiga hesabu, akajaza daftari hili. Soya, mashudu ya alizeti, pumba za mahindi, majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, unga kidogo wa muhogo ili chakula kishikane kisiyeyuke majini. Kwa vifaranga akaacha dagaa kidogo, akasema mtoto ni mtoto, akikua tutamwachisha. Na hapa, ukurasa wa nne, akaandika kwa herufi kubwa na kupigia mstari mara mbili: SOYA IKAANGWE KWANZA. Akanieleza sababu, kwamba soya mbichi ina kitu ndani yake kinachoyafunga matumbo, samaki anakula na kushiba lakini chakula hakimwingii mwilini. Akamwonyesha Mwishehe jinsi ya kukaanga mpaka ganda lipasuke na harufu igeuke. Kisha akaenda kwenye mafunzo ya vitendo, miezi minne, akaniachia mabwawa na imani yake yote.

Mwishehe, tazama chini ukitaka, lakini nitasema.

Nilikaanga gunia la kwanza. Gunia la pili nikaona kukaanga kunakula mkaa mwingi, na mikono inauma, na nikajiambia mimi nimekula karanga mbichi tangu utoto na nimekua, nguvu ya mbegu iko ubichini, moto unaiua, hawa watoto wa chuo wanapenda kuongeza kazi. Nikamwambia Mwishehe asage hivyo hivyo. Akaniuliza, "Mzee, na yale maandishi?" Nikamjibu, "Maandishi hayali samaki." Tukasaga mbichi. Miezi yote minne tukasaga mbichi, na samaki walikuwa wanakula vizuri, wanagombania, na mimi nikawa naona maji yanachafuka kwa jinsi wanavyochangamka nikadhani ndiyo afya.

Siku ya mavuno nilialika watu. Hilo ndilo kosa langu jingine, kupenda kuonekana. Wazee wa kanisa walikuwepo, Audax alikuwepo, na Misbah, yule mama mwenye hoteli ya Msasani, alikuja na gari lenye barafu na wapishi wake wawili. Dada yenu alikuwa ameshuka kwenye basi la Morogoro asubuhi ile ile, vumbi bado liko kwenye viatu. Tukavuta wavu. Ninyi mliona. Samaki wa urefu wa kidole, vichwa vikubwa, matumbo yamefura. Misbah akainama, akamshika mmoja kwa mkia, akasema taratibu, "Mzee wangu, nimekuja kuchukua samaki. Sikuja kuchukua chambo." Wapishi wakacheka. Audax akacheka mpaka akashika ua.

Na dada yenu akanigeukia mbele ya wote, akauliza swali moja tu: "Baba, soya mliikaanga?"

Nikasema, "Tuliikaanga."

Nipeni maji. Hapana, kidogo tu, lowanisha midomo.

Nikasema tuliikaanga, wanangu. Sikuishia hapo. Nikawaambia wageni kwamba hii ndiyo elimu ya makaratasi, kwamba nilikuwa na mabwawa yenye samaki mpaka msichana aliponiletea hesabu. Angenibishia, ningepona siku ile ile. Angekwenda stoo akayaona magunia ya mkaa yamejaa. Hakwenda. Aliamini neno la baba yake kuliko hesabu yake mwenyewe. Usiku ule alikaa na daftari hili akitafuta alipokosea, ukurasa kwa ukurasa, na hakupaona, kwa sababu hapakuwepo. Alfajiri akaliacha mezani. Chuo hakurudi. Alisema mtu asiyejua kosa lake hafai kulisha hata kuku. Lusungu, unajua anafanya kazi gani leo huko Tandika, maana huwa unamtembelea ukidhani sijui. Anatoa kopi. Anasimama kwenye kibanda cha stesheneri akiwatolea kopi watu wengine kazi zao za chuo.

Na mimi nikaweka amri jina lake lisitajwe humu ndani. Mlidhani ni hasira ya hasara. Haikuwa hasira. Kila jina lake lilipotajwa nilisikia lile swali, na lile jibu langu nyuma yake, nikaona heri jina lenyewe liondoke. Likaondoka kwelikweli. Ikawa "yule wa Morogoro," kisha "yule," kisha mkawa mnanyamaza tu sahani yake ikionekana kabatini. Wala halikuondoka kwake peke yake. Mama yenu alikuwa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, kama wanawake wote wa mtaa huu, miaka ishirini na minne, sokoni, kwenye kwaya, kwenye zahanati. Nikaagiza aitwe Mama Lusungu. Majirani walipokosea niliwasahihisha, nikiwa nimesimama pale getini na fimbo yangu, na yeye yuko pembeni na kikapu. Alikuwa akiitwa jina jipya anachelewa kuitika. Miaka sita, na bado anachelewa kidogo. Mimi husikia.

Mama yenu alijua. Mke wangu, unisamehe nisemee jambo lako. Wewe ndiye ulikuwa unanunua mkaa, uliona magunia hayapungui, ulikuja ukasimama mbele yangu, nikakukazia macho ukarudi jikoni. Mwishehe alijua, akaniambia mwaka ule ule, "Mzee, mimi ni Mwislamu, naogopa kuulizwa," nami nikamwambia akiona kazi imemchosha geti liko wazi. Msimlaumu. Alikuwa na watoto watatu na mimi nilikuwa na ufunguo.

Mwaka uliofuata nikalifungua daftari nikiwa peke yangu. Nikakaanga soya kama ilivyoandikwa. Samaki wakaja kama mnavyowaona. Watu wakaanza kutoka Goba, Kibaha, mpaka Mkuranga, kunisikiliza nikieleza mlonge na mashudu, wakaniita Bwana Soya, nikaitika. Kila nilipowafundisha kukaanga nilikuwa nasoma mwandiko wa mtu niliyemnyamazisha. Na nilifundisha vizuri. Hilo nalo linaniuma, kwamba nilifundisha vizuri.

Basi huu ndio wosia, na nimeuandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi iko ndani ya daftari. Mabwawa yote sita na mashine ni ya dada yenu. Mkitaka kuuza, muulizeni yeye. Mkitaka dagaa, muulizeni yeye, naye atawafundisha mpaka mchoke. Nikishawekwa kaburini na kabla watu hawajapewa chakula, Lusungu simama mbele yao, mbele ya Audax, mbele ya Misbah akija, useme: soya haikukaangwa. Usiseme baba alipitiwa, wala usitafute neno laini. Erasmus, usifunge mdomo hivyo. Aibu ni yangu, ninyi mnaibeba hadi makaburini tu, kisha mnaitua.

Mwishehe, nisamehe. Nipe mkono. Mkono wako unanuka mlonge.

Mungu awape mikono isiyochoka kabla ya kazi kwisha. Awape watoto watakaowauliza maswali mbele za watu, na awape... awape ulimi wa kujibu. Msigombane juu ya mfereji. Ndaga, wanangu, asanteni, ndaga sana.

Bado kitu kimoja. Sitaki dada yenu alisikie neno hili makaburini, mimi nikiwa siwezi kuulizwa. Nataka aniulize tena. Lile lile swali. Nina pumzi ya jibu moja... nimeiweka kando. Lusungu, usitoe simu yako, si kazi yako hii. Ni ya mama yenu huyu, niliyemnyima jina lake. Njoo, kaa hapa, nishike kichwa, hivyo. Namba unayo, najua unayo, umeificha kwenye kitabu cha nyimbo. Mpigie. Ukisikia ameitikia uniwekee sikioni, usimwambie kwanza naumwa.

Mpigie, Mama Tupokigwe.