Wako Mwaminifu, Baba

Benchi la mbele ya duka la mikate, pale Otley, Uingereza, lina wenyewe. Kila Ijumaa asubuhi, mvua isipozidi, utamkuta Neville, anayeitwa Profesa kwa sababu hujaza fumbo la gazetini kwa kalamu ya wino. Doreen, au Mama Posta, aliyegawa barua miaka thelathini. Na Clifford, ambaye hata marehemu mkewe, Enid, alimwita Karani. Ijumaa hiyo Karani hakugusa kahawa yake. Alikuwa amemwandikia binti yake Rosalind, tangu wamzike mama yake hawajasemeshana, akamwomba aje Krismasi. Barua ilikuwa imerudi. Maneno ya mwisho, "wako mwaminifu", yamezungushiwa wino mwekundu, basi.

— Hapo umechemka, Karani, Profesa alisema. "Wako mwaminifu" ni ya mtu usiyemjua jina. Ukishamtaja jina kule juu, chini unaweka "wako kwa dhati". Nani asiyejua?

— Miaka thelathini na nane ofisi ya halmashauri, bwana. Mkono ulienda wenyewe.

— Mwandikie upya, "wako kwa dhati", yaishe.

— Kwa dhati? Mama Posta aliguna. Hivyo ndivyo watu wa maji wanavyoniandikia wakitaka kunikatia. Kwa binti unaweka alama ya busu, ile X.

— Ngapi? Karani aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. Chumba cha Rosalind alishakitandika tangu Jumatatu.

— Moja ni ya jirani, Profesa alisema. Mbili ni za shangazi. Binti, tatu.

— Mie nimebeba kadi zenye kumi na mbili, na nyumba hiyo walitalikiana kabla ya Pasaka.

— Basi jaza ukurasa mzima. Atajua baba yuko kufani, atapanda treni ya kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Rosalind si mgeni, Neville.

— Ndiyo maana haji. Mgeni angekuwa na adabu.

Karani hakucheka. Ilimuuma. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri basi, mbwa wake miguuni, amekaa ncha ya benchi muda wote huo, aligeuka.

— Samahani, mzee wangu. Barua zako za zamani kwa huyo binti, ulikuwa unazimalizaje?

Wote wakamtazama Karani. Kadi za Krismasi, za kuzaliwa, barua za chuoni, zote aliandika Enid, na chini akatia "Mama na Baba" kwa mwandiko wake yeye. Nyumba nyingi pale ndivyo ziendavyo, na mwanamume hajioni kuwa amekosa kitu.

— Profesa, hebu msaidie, Mama Posta alisema.

Profesa akainamia fumbo lake.

— Sikuwahi kumwandikia, Karani alisema taratibu. Hiyo ndiyo ya kwanza.

— Ana miaka mingapi? mama mwenye mbwa aliuliza.

— Hamsini na mmoja.

Habari ya X haikurudiwa tena. Karani aliikunjua ile barua juu ya goti, akaisoma polepole toka juu hadi chini, safari hii kama mtu aliyeingoja tangu utotoni.