Mwanga Unaokata Bila Kuunguza

Benchi la mbele ya karakana ya kuchomelea lina miguu mitatu na tofali moja, na ndipo dunia inapotengenezwa upya kila asubuhi. Siku hiyo Cheche, mwenye karakana, hakuwasha mashine. Kesho yake mama yake alikuwa apasuliwe jicho kwa mwanga, na ruhusa ilimsubiri yeye. Mtu ambaye mwanga wa kuchomelea umeshamlaza kitandani mara kadhaa, macho yakimchoma kama yametiwa mchanga, leo anaambiwa na daktari kwamba upo usiounguza! Kahawa ilimpolea mkononi.

— Kisichounguza hakikati, akasema. Chuma nakijua mimi.

— Wewe unakata kama unalima! akamdaka Antena, fundi simu, mdomo mwingi kuliko kazi. Mwanga wa daktari unazungushwa ndani ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Unazunguka weee, mpaka mawimbi yote yanashikana.

— Yanashikanaje?

Kocha, mwenye makombe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, akaweka kikombe chini.

— Uwanja mzima, kila mtu akipiga kofi lake, ni kelele tu. Wote wakipiga pamoja, paa! Kimya. Paa!

— Na hiyo paa ni fupi, ndugu yangu, Antena akaongeza. Daktari si alikwambia? Nyama inakatika kabla haijapata nafasi ya kuungua.



— Nguvu zote hizo, uzi haupasuki? Cheche akauliza, sauti imeshuka.

— Wameshakuwahi, Antena akajibu. Wanaurefusha kwanza mpigo, ukishalegea ndipo wanautia nguvu. Ukitoka kwenye uzi, wanaubana tena.

— Basi mpigo mmoja unawasha mji! akaruka Kocha.

— Mji? Jua lenyewe likiuona linatafuta miwani!

— Tena unafika kabla haujatoka!

— Nyie chekeni tu, mama si wenu, Cheche akafoka. Kesho anaingia na barakoa yangu ya kuchomelea.

— Sasa jicho watalifikia wapi, we kichwa maji? Antena akamkatiza.

— Basi haendi!

Hapo mama mwenyewe akatokea, mkono ukipapasa ukuta. Wote wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimewasikia tangu kule kona. Huo mwanga una rangi gani?

Cheche akakohoa.

— Hauonekani, mama. Daktari kasema.

— Hata kwenu wenye macho?

— Hata kwetu.

Mama akacheka polepole.

— Kumbe hapo tuko sawa. Sasa kitu kisichoonekana kinampaje mtu kuona?

 

— Sijui, mama, Cheche akasema, akamshika mkono. Kesho tukitoka, utanieleza wewe.