Maisha ya Mama Cheche, Fundi wa Vyuma

Marehemu, ambaye wengi walimwita Mama Cheche, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitinda mimba wa mhunzi. Shule aliishia darasa la nne, baba yake alipougua na nyundo ikakosa wa kuishika. Akaishika yeye. Walimcheka. Yeye alikuwa na kazi.

Mwaka 1974 kijana mmoja mwashi alimpelekea toroli lililovunjika mguu. Likapona. Kijana akalirudisha tena. Mara ya tatu Mama Cheche akamwambia, "Kaka, toroli ni zima. Mgonjwa ni wewe. Sema." Akasema. Walifunga ndoa Agosti mwaka huohuo.

Walijaliwa watoto watatu. Kifungua mimba wao alimaliza shule, akakosa kazi, akaingia kwenye wizi. Tarehe 2 Juni 1998 alipigwa mawe barabarani, akafa. Mama yake hakuuliza nani alirusha. Baada ya matanga alifungua karakana, akawaita vijana waliokuwa wakizurura na mwanawe: "Njooni mjifunze, kabla sijawazika na ninyi."

Akawafundisha kuchomelea, wavulana kwa wasichana, mpaka nguvu zilipomwishia. Kila kiungo walichochomelea alikigonga kwa nyundo. Kikiachia, alisema, "Kwa mlango huu mwizi anakushukuru. Rudia." Wengi leo wanakula jasho lao. Si wote. Wengine mtaa uliwarudisha, na baadhi aliwazika kweli.

Tangu mwaka jana kifua kilimbana. Daktari alisema ni moshi wa vyuma, mapafu yamekwisha. Kitandani hakuulizia dawa. Aliulizia mtihani wa ufundi wa vijana wake, maana anayeukosa husubiri mwaka mzima, na mwaka mmoja mtaani alijua unafanya nini. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Mtihani ni leo, siku tunayomzika.

Vijana walikuja nyumbani. "Mzee, mtihani tunauacha. Mama hazikwi bila sisi."

Mumewe akawajibu, "Nikimwona mmoja wenu makaburini, nitamfukuza kwa fimbo. Nendeni."

Shemeji wa marehemu akauliza, "Sasa jeneza litabebwa na nani?"

Ndugu waombolezaji, litabebwa na wazee. Mtawavumilia wakienda polepole.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na vijana wake wa mwisho, ambao saa hii wameinamia chuma.

Mungu ampe pumziko la amani. Duniani hakulijua.